Mtani Wangu na Dawa Tatu Zilizokuwa Moja

Vijana niliowaacha nyuma ya kaunta wamenitaka niandike mambo ya kazi yangu. Nadhani walitarajia niwaeleze namna ya kupanga rafu. Rafu mtazipanga wenyewe. Vyeo navyo sitavitaja, kwa kuwa katika duka la dawa lenye watu wawili cheo ni kimoja tu, na hicho kilikuwa cha mwenye duka. Nitaandika juu ya mafua, maumivu ya kichwa, na mtu mmoja niliyekaribia kumwua kwa kumchekesha.

Nilianza kazi Tanga mjini katika miaka ya hamsini, nimetoka sekondari na Kiingereza cha kutosha kusoma maandishi ya chupa. Duka lilikuwa Ngamiani, karibu na soko, na mwenyewe alikuwa Bwana Lobo, Mgoa mwembamba aliyevaa tai hata mwezi wa Februari, joto linapowafanya mbuzi wahame vivuli. Siku ya kwanza nilikwenda nimepiga pasi shati, tayari kuponya watu. Bwana Lobo akanipa bunda la karatasi na kopo la unga.

"Funga," akasema.

"Ni dawa gani hii, bwana?"

"Ni unga wa ngano. Dawa utaigusa ukishajua kufunga."

Siku hizo dawa ya mafua na maumivu ilikuwa unga tuliouchanganya wenyewe dukani. Tuliupima kwa mizani ndogo ya shaba, tukautandaza kwa kisu bapa, kisha tukaufunga kwenye vikaratasi, kila kimoja dozi moja. Kukunja kile kikaratasi kulikuwa na kanuni zake, na vidole vyangu vilikuwa vigumu kama vya mtu anayekunja mkeka. Siku niliyoruhusiwa kufunga dawa ya kweli nilimfungia mzee mmoja wa Kipemba aliyekuwa Tanga kwa biashara ya karafuu. Kesho yake akarudi, macho mekundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Ile dawa yako kali. Nimepiga chafya mpaka nimeiona Pemba."

"Uliinywa kwa maji, babu?"

"Kuinywa? Kwani si ya kunusa?"

Vikaratasi vyangu vilikuwa vimefunguka mfukoni mwake na unga ukaingia katika kikopo cha ugoro. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee akaegemea kaunta, akaninong'oneza, "Nifungie nyingine. Ila safari hii itie moja kwa moja humu kikoponi, usijitaabishe na karatasi." Bwana Lobo alimkatalia kwa heshima, naye akaondoka amenuna kama mtu aliyenyimwa pilau.

Bwana Lobo hakuwa mtu wa maneno mengi. Somo lake kubwa lilikuwa swali moja tu: umekwisha kunywa nini? Alitaka tuulize kabla mkono haujagusa rafu. Mteja akitaka asprini, umekwisha kunywa nini? Mteja akitaka unga wa mafua, umekwisha kunywa nini? Kuna mpishi mmoja wa Raskazone, mtaa wa Wazungu, alikuwa akija kumnunulia vidonge vya kichwa memsahibu wake karibu kila Jumatatu. Nilipomwuliza swali letu alinitazama kama nimemkosea adabu.

"Mimi sijanywa kitu. Mgonjwa ni memsahibu."

"Na yeye amekunywa nini?"

"Hiyo ni siri ya nyumba," akasema. Halafu, baada ya kutazama mlangoni, "Lakini chupa tupu huzitupa mimi, na gunia linanishinda."

Bwana Lobo akamwambia asimpe kidonge juu ya pombe wala juu ya tumbo tupu, ampe kwanza chai na mkate. Mpishi akajibu kwamba mkate atampa, lakini kumpa amri hawezi.

"Salehe," Bwana Lobo aliniambia siku hiyo, "humu rafuni kuna watu wachache kuliko nguo. Huyu asprini, kwenye kopo lile amevaa kanzu. Kwenye unga wetu wa mafua amevaa suti. Kwenye mafuta ya kuchua viungo yumo ndugu yake wa tumbo moja, amevaa msuli. Usiwapeleke wote nyumba moja ukadhani umepeleka wageni watatu."

Niliyasikia maneno hayo vizuri sana. Ningeweza kuyasema kwa moyo kama sura ya Kurani. Kuyasema kwa moyo na kuyatenda ni safari mbili, na mimi nilikuwa nimekata tiketi ya ile ya kwanza tu.

Kabla sijaendelea, niseme na hili, maana nisiposema sasa nitajifanya nimesahau. Katika unga wetu wa mafua ilikuwamo dawa iliyokuja kuondolewa madukani baadaye, ilipojulikana kwamba huharibu figo za wanaoinywa kila siku. Na watoto tuliwakatia asprini nusu, tena kwa fahari, kwa kisu safi. Leo hakuna mwenye akili anayempa mtoto mwenye mafua asprini. Hatukujua. Lakini wapo waliokunywa kutoka mikononi mwangu, na neno "hatukujua" halimrudishii mtu figo yake. Kwa hiyo mnapopata habari mpya ya dawa, isomeni siku hiyo hiyo, msiiweke chini ya kopo la chai.

Baada ya miaka michache Bwana Lobo alifungua tawi Muheza, kando ya njia ya kwenda stesheni, akaniweka mimi peke yangu. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango uliotazamana na wauza machungwa, hata vidonge vyetu vikawa vinanukia maganda. Wateja walisema dawa za Muheza ni tamu kuliko za Tanga. Walio wengi walikuwa wakata mkonge kutoka mashamba ya jirani, na siku za mshahara walikuja hata kutoka Maramba, watu wa makabila ya mbali: Wamakonde, Waha, na Wanyamwezi wengi.

Mimi ni Mzigua. Watu wa rika langu nikisema hivyo wanajua habari iliyobaki, lakini nyinyi mmekulia nyumba za kupanga, basi nitaeleza. Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Mtani akikutukana usijibu kwa ngumi, jibu kwa tusi zuri zaidi. Akichukua kuku wako, kuku ni wake mpaka umkomboe. Ukiugua, anakuja kukuuliza utaacha nini. Ukifa ndiyo siku yake: ana haki juu ya maiti yako, atalala kaburini akatae kutoka, na atalia kwa uongo kwa sauti kubwa kuliko wanaolia kwa kweli. Hakuna anayekasirika. Kukasirika ndiyo aibu.

Mtani wangu mkubwa alikuwa Petro Mihayo, Mkatoliki kutoka pande za Tabora, mkata mkonge mwenye mikono ya makovu na kofia ya pama ambayo nadhani alizaliwa nayo. Alikuwa akianza kelele kabla hajavuka barabara.

"Hodi kwa mtumwa wangu!"

"Karibu, mchukuzi. Mzigo umeutua wapi?"

"Nimeutua kwa mama mkwe wako. Nipe dawa ya kichwa."

"Dawa ya kichwa ninayo. Kichwa unacho?"

"Nilikuwa nacho. Babu yako alikila na bada ya muhogo, akakosa mchuzi."

Wauza machungwa waligeuza matenga yao wakayakalia kutusikiliza. Ikawa desturi: Petro akionekana njiani, watu walisogea. Hata wasio na ugonjwa walinunua kidonge kimoja ili wapate haki ya kusimama ndani. Nami, niseme ukweli, nilipenda. Shuleni nilikuwa wa kukaa nyuma, na Tanga nilikuwa kijana wa Bwana Lobo. Muheza nilikuwa mtu. Nilianza kufikiria matusi ya Petro usiku kitandani kama wengine wanavyofikiria biashara.

Siku moja Bwana Lobo alikuja kwa treni kukagua. Alisimama pembeni na tai yake, akatusikiliza mpaka mwisho, akangoja watu waondoke.

"Watu wanacheka sana hapa," akasema.

"Wanacheka, bwana. Na wanarudi."

"Wanarudi kusikia nini?"

Nilidhani ananisifu kwa namna ya Kigoa.

Ndipo ukaja mwaka ule mafua makali yalipoingia makambini, mtu akikohoa chumba cha mwanzo, wa chumba cha mwisho anajibu. Petro naye yalimpata. Alikuja kwanza kwa kichwa, nikampa vidonge vya asprini, na tusi. Akaja tena kwa mafua, nikampa vikaratasi vya unga, na tusi. Akaja mara ya tatu akiburura miguu, anasema mifupa inamlia, nikampa mafuta ya kuchua, na matusi mawili kwa sababu yeye hakuwa na nguvu ya kujibu. Nguo tatu za mtu mmoja, nimezipeleka nyumba moja kwa mikono yangu. Sikuuliza swali. Kumwuliza mtani umekwisha kunywa nini, mbele ya matenga yamejaa watu, ningeuliza kwa uso gani? Wangesema Mzigua ameishiwa.

Onyo nililitoa. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alipokuwa akitoka mara ile ya tatu nilimpigia kelele:

"Usizidishe hivyo vidonge, wewe kula-michembe ya viazi! Ukizidisha masikio yatalia kama king'ora cha korona ya mkonge, utahema kama mbwa wa Kidigo, halafu utakufa nije nilale kaburini mwako nile ubwabwa!"

Kila neno lilikuwa kweli. Dawa hiyo ikizidi mwilini, masikio huvuma, mtu huhema mbio, hutapika, na mwisho hufa. Kitabuni imeandikwa hivyo hivyo, ubwabwa peke yake haumo. Na watu wote waliokuwapo walicheka, mmoja akaanguka kutoka kwenye tenga. Petro akapunga pama yake akaenda zake kambini, akafanya hesabu ya mtu mwaminifu: ana magonjwa matatu, ana dawa tatu, na dawa kidogo ni za watoto.

Siku chache baadaye akaja Mmakonde mmoja, jirani yake kambini, anacheka tangu barabarani.

"Bwana Salehe! Mtani wako umemroga kweli kweli. Anasikia king'ora saa yoyote. Jana Jumapili kaamka, kachukua kisu, kaenda kusimama shambani peke yake anangoja nyapara!"

Korona ni mashine ya kuchakata mkonge, na king'ora chake ndicho kilichokuwa kikiwaamsha watu wa kambi. Jumapili hakikupigwa. Nikaacha kisu bapa juu ya kaunta.

"Anahemaje?"

"Kama mbwa. Kama ulivyosema mwenyewe!" Akacheka tena.

"Anatapika?"

"Anatapika, na mtu ukimsemesha hasikii. Mkewe anasema afadhali, maana sasa anaweza kumsema apendavyo."

Nilifunga duka, nikapanda baiskeli, nikaiendesha katikati ya mistari ya mkonge bila kumwamkia mtu, jambo lililosemwa Muheza kwa muda mrefu. Kambini nikamkuta Petro amekaa kwenye kitanda cha kamba nje ya mlango, anatiririka jasho, kifua kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Kando yake vilikuwapo vidonge, vikaratasi na chupa ya mafuta, vimepangwa vizuri kama vyombo vya altare. Mkewe Maria aliponiona akapiga kigelegele.

"Mzigua amefika! Amesikia harufu ya maiti!"

Majirani wakatoka vyumbani. Nikasema, "Maria, asinywe tena hata kimoja. Tumpeleke hospitali sasa hivi. Atakufa."

Wakacheka.

"Sifanyi utani! Hizi dawa tatu ni moja! Zote tatu ni dawa moja!"

"Tatu ni moja?" akasema mzee mmoja wa Kinyamwezi. "Padre naye husema hivyo hivyo kila Jumapili, na yeye pia hatujamwelewa." Kambi nzima ikaangua kicheko, na Maria akamwambia asikufuru, lakini alimwambia huku ameshika mbavu.

Nikaapa Wallahi. Wakapiga makofi. Nikashika mikono ya Maria, machozi yakanitoka, machozi ya kweli, na hapo ndipo nikayaharibu mambo kabisa, kwa sababu mtani hulia penye mgonjwa, na hawakuwa wamewahi kumwona mtani anayelia vizuri namna ile. "Tazama pua yake!" mtu akasema. "Hata makamasi anayo!" Kadiri nilivyosema kweli ndivyo nilivyozidi kuwa hodari. Miaka yote nilikuwa nimewafundisha watu kwamba nikifungua mdomo mbele ya Petro wacheke, na walikuwa wanafunzi wazuri.

Nikavua kofia yangu nijifute jasho. Ni hapo nikaona macho ya Petro yametulia juu yangu. Hakuwa akisikia neno, wala langu wala lao. Alikuwa akitazama kichwa changu.

Sijui wazo lilitoka wapi. Labda lilitoka kwa babu zangu. Nilijua jambo moja tu: mtani anaweza kukosa kuaminiwa, lakini hawezi kunyimwa. Nikachukua vidonge, vikaratasi na chupa nikatia mfukoni, na hakuna aliyenizuia. Halafu nikaweka mkono juu ya ubao wa kitanda, nikapaza sauti yangu ya dukani:

"Maiti hii ni yangu! Nimechoka kungoja. Naichukua leo, ingali mbichi!"

Kelele zilizopigwa ziliwaondoa kunguru kwenye mapaa. "Mpe! Mpe mtani maiti yake!" Na Petro, ambaye hakusikia lolote, alijilaza polepole, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

Wanaume wanne wakainua kitanda. Maria akajifunga khanga ya kilio, akafuata nyuma anaomboleza kwa mashairi ya kunitukana mimi na ukoo wangu. Nyapara alitukuta kwenye njia panda, akataka kujua kwa nini watu wa zamu wako barabarani.

"Msiba," nikamwambia.

Alitazama kitanda, akavua kofia, akatupisha. Kwa ugonjwa asingetoa ruhusa kwa watu wote wale, lakini kifo kilikuwa na heshima yake shambani.

Tukashika barabara ya hospitali. Watu wasiotujua waliinuka vibarazani wakasema "Innaa lillahi", na wazee wawili wakajiunga nyuma yetu kwa thawabu. Basi la Tanga lilisimama kando kutupisha. Petro akafumbua jicho moja, akaona umati, akaniuliza kwa sauti ya juu kama wasemavyo viziwi:

"Nani amekufa?"

Mmoja wa wale wazee wawili alikimbia na hakuonekana tena. Wengine ilibidi watue kitanda ili wacheke vizuri, na mimi nikawapigia makelele wakiinue, maiti inachelewa, mbio, mbio! Wakakimbia. Ilikuwa raha kubwa kwao. Na katikati ya mbio hizo nikatazama tena, nikaona mikono ya Petro haijakunjwa kifuani. Mmoja ulining'inia nje ya kitanda, unapigapiga hewani kwa kila hatua, na pama ilikuwa imeanguka nyuma njiani naye hakuiulizia. Nikamwita. Nikampiga shavu. Mdomo ulikuwa wazi, pumzi zikikimbia zenyewe bila mwenyewe.

Watu wanaimba. Maria anaimba. Mimi peke yangu katika msafara ule nilijua kwamba maiti imeacha kuigiza, na sikuwa na neno hata moja katika Kiswahili ambalo wangeliamini. Nikafanya lililobaki. Nikaimba kwa sauti kuliko wote, na nikaimba mbio.

Mlangoni mwa hospitali alisimama tabibu, mtu mfupi asiyependa kelele.

"Maiti hazipokelewi mlango huu. Zungukeni nyuma."

"Si maiti," nikasema. "Bado."

Umati ukacheka kwa mara ya mwisho. Tabibu hakucheka. Alitazama kile kifua, akainama, akafungua jicho la Petro kwa kidole gumba.

"Amekunywa nini?"

Nikamwaga vitu vyote sakafuni kutoka mfukoni, nikamweleza. Nyuma yangu watu walikuwa wakimtazama tabibu, mgeni asiyejua utani wetu, anavyomtazama Petro Mihayo bila kucheka. Nikasikia Maria akisema, kwa sauti ndogo, "Kumbe?" Halafu akapiga ukelele, na huo haukuwa wa mashairi.

Walimwosha tumbo, wakamtia maji kwenye mshipa. Maria na mimi tulikaa ukutani nje, na hatukutukanana. Petro alikuwa mtu wa mkonge, hakukatika kirahisi. Siku aliyoanza kusikia aliniita nikae karibu.

"Mzigua. Siku ile sikukusikia hata neno. Nilidhani unaniimbia. Lakini nilipoona kipara chako nikajua mambo yameharibika. Mzigua hamvulii kofia Mnyamwezi."

"Na ukalala."

"Nikalala. Ningefanya nini? Maiti ni yako."

Bwana Lobo alikuja kwa treni. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, nimefunga hata mkeka wangu. Alisimama upande wa wateja, mikono juu ya kaunta.

"Ulimwonya?"

"Nilimwonya, bwana."

"Nani alikusikia?"

"Watu wote. Duka zima."

"Basi hukumwonya," akasema. Akanyoosha tai, akaniomba chungwa.

Tangu hapo Petro na mimi tuliwekeana mkataba. Kofia ikiwa kichwani, ni utani. Kofia ikivuliwa na kuwekwa juu ya kaunta, utani umesimama, na hapo nauliza: umekwisha kunywa nini, kingapi, lini, na nyumbani kuna dawa gani nyingine? Nawaambia ni kidonge kingapi, wale kwanza, wasinywe na tembo, na masikio yakivuma waache waje mbio. Habari zikaenea makambini. Ikafika mahali wateja wasiokuwa watani wangu hata kidogo, Waha na Wamakonde, wakawa hawaiamini dawa mpaka kofia ivuliwe. "Mbona hujavua?" wananiuliza. "Hii ni dawa ya uongo?" Nilikuwa navaa na kuvua mchana kutwa, kofia zikawa zinachanika kabla ya viatu. Sikulalamika. Adhabu nyingine mtu huzivaa kichwani.

Nimefanya kazi hiyo mpaka mwezi uliopita, katika maduka mengine na chini ya majina mengine juu ya mlango. Mshangao wangu ni kwamba wiki ya kwanza ya kustaafu mafua yalinishika, na magoti yakaniuma pia. Asubuhi nikanywa vidonge vya magoti. Mchana nikanywa vya mafua, kutoka pakiti nzuri ya rangi ambayo sikusoma maandishi yake, kwa sababu miwani ilikuwa chumba cha pili na mimi ni mtaalamu. Jioni nikaviweka vyote mfukoni, tayari kurudia.

Petro akaja kunitazama. Hakurudi Tabora, ana miti yake ya machungwa nje kidogo ya Muheza, na pama ya tatu au ya nne.

"Hodi kwa mtumwa wangu! Nimesikia umeacha kuua watu, nikaja kuona sasa unakula nini."

"Karibu, maiti. Keti."

Akaketi, akanitazama ninavyopenga kamasi na kusugua magoti.

"Umekwisha kunywa nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Tangu lini mkata mkonge akaniuliza mimi dawa gani?"

Petro akavua pama, akaiweka juu ya goti, imepinduka kama bakuli. Kichwa chake kimekwisha nywele kama changu. Nikacheka. Niliona ananiiga, na aliniiga vizuri, nikafungua mdomo nimrudishie tusi nililoliweka akiba muda mrefu. Yeye hakucheka. Akamgeukia mke wangu.

"Shemeji Mama Zaina, kile kitanda cha kamba cha uani bado kizima?"

"Kizima, shemeji."

"Waite wanaume wanne."

Na Mama Zaina, tuliyezeeka naye, hakuniuliza mimi hata neno. Alitazama kipara cha Petro, akajifunga khanga, akaenda mlangoni kuita.

Nikatia mkono mfukoni, nikavitoa vidonge, vya magoti na vya mafua, nikamwekea ndani ya pama.